Kwetu Hakuna Pumu

Kudra aliacha kuchuchumaa. Mama yake, Hamisa, ndiye aliyeliona kwanza, na hakumwambia mtu. Mtoto wa miaka minne huchuchumaa kwa kila jambo: kutazama siafu, kuchambua maharage, kula. Kudra sasa alisimama miguu imenyooka kama askari wa mgambo, na akitaka kuokota kitu aliinamia kiunoni. Siku moja Hamisa alimgeuza akamtazama nyuma ya magoti. Ngozi ya hapo ilikuwa nene, imepasuka katikati, inatoa majimaji. Kwenye mikunjo ya viwiko ilikuwa hivyohivyo.

Hamisa hakuwa mtu wa kusema. Shule aliiacha darasa la tatu, kwao Kwamsisi, kwa sababu huko walitakiwa kusimama na kujibu. Alipoolewa na Mwinjuma watu walimsifu mama mkwe, Bi Tatu, kwa kupata mkamwana mwenye adabu. Adabu yenyewe ilikuwa hiyo ya kunyamaza.

Walikuwa wamehamishiwa Kwambogo mwaka wa Operesheni Vijiji, pamoja na watu wa vitongoji vyote vya karibu. Nyumba zilijengwa kwa mstari, moja ikitazama nyingine, hata ukipika mlenda jirani wa tatu alijua kama umeungua. Siri zilikuwa chache. Nyumba ya Mwinjuma ilikuwa nayo moja, nayo ilikuwa kifua cha Bi Tatu. Bi Tatu hakulala chali. Alilala ameegemea ukuta, mito nyuma ya mgongo, na ikija baridi kifua chake kilipiga mluzi. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kusafisha singa, zile nyuzi ndefu, katika kiwanda cha mkonge kule Ngombezi, kwa hiyo alisema ni vumbi la mkonge, na watu wakakubali, maana vumbi la mkonge halina ukoo. Lakini mama yake Bi Tatu naye alikufa kwa kifua hichohicho, na hakuwahi kukanyaga kiwandani. Mwinjuma alimwambia Hamisa jambo hilo mara moja, akiwa amesahau kwamba halisemwi.

Kwa ngozi ya Kudra, Bi Tatu alisema ni uchafu. Akamtwaa mjukuu wake, akamsugua kwa sabuni ya mche na singa za mkonge. Kila nyumba iliyopitia Ngombezi ilikuwa na fungu la singa limening'inizwa bafuni, na la Bi Tatu lilikuwa jeupe na refu kuliko yote. Mtoto asiyesuguliwa kwa mkonge alihesabiwa kuwa hana wakubwa. Kudra alisuguliwa asubuhi na jioni. Kadiri alivyosuguliwa ndivyo alivyojikuna, na kadiri alivyojikuna ndivyo alivyosuguliwa.

Zahanati walisema ni upele, wakatoa dawa ya kupaka nyumba nzima. Wakapakana wote, kuanzia shingoni hadi vidoleni. Mwinjuma alishinda shambani akinuka hata nzi wakamkimbia, na hilo alilihesabu kuwa faida. Kudra alipopakwa alilia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Siku chache baadaye, waliokuwa hawawashwi walianza kuwashwa kidogo kwa dawa, na aliyekuwa akiwashwa akawa kama aliyemwagiwa pilipili.

Kisha shavuni pakatokea baka, la mviringo, limepauka, kama mtu aliyeguswa kwa kidole chenye unga. Hapo maneno ya watu yakabadilika.

* * *

Bombani wanawake walianza kusogeza ndoo zao. Hawakusogeza sana. Mama Rehani, aliyekaa nyumba ya pili, alimtazama Kudra akasema, "Mama Kudra, mwanao kapakwa unga au ndiyo rangi yake ya sasa?" Hamisa alisukuma ndoo yake chini ya bomba. "Nauliza tu, mwenzangu," akaendelea Mama Rehani. "Kuuliza si ujinga." Wenzake wakacheka kwa pua. Hamisa alijitwika ndoo ikiwa nusu, akaondoka.

Siku ya kazi kwenye shamba la kijiji watoto walikula pamoja, sinia moja kwa kila kundi. Kudra alipewa ugali wake juu ya kifuniko cha sufuria, akawekwa peke yake karibu na majembe. Waliompa walieleza kuwa mikono yake ni midogo, wakaona ale kwa nafasi. Kudra alikula kwa nafasi.

Jioni ya siku hiyo akaja Mzee Mdoe, balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mpole, na jambo lolote baya lilipotakiwa kusemwa lilisemwa na yeye. Akapewa kiti, akaletewa chai. Akatoa mfukoni kikombe chake mwenyewe cha bati na kusema ndicho alichokizoea. Hamisa akaimimina chai kutoka kikombe cha nyumba hadi kikombe cha mgeni.

Mzee Mdoe alieleza kwamba kamati ya kijiji imekaa. Mtoto apelekwe hospitali, Korogwe. Ikiwa si ugonjwa ule, vema. Ikiwa ndio ule, basi atakwenda kambini wanakotibiwa wenye ukoma, na atakwenda peke yake, kwa sababu kambi haipokei wazima. "Ni kwa faida ya wote, ndugu zangu," alisema. Mwinjuma aliitikia kwamba ni kwa faida ya wote. Hamisa alikuwa amempakata Kudra, akamfunika miguu kwa ncha ya kanga.

Balozi hakuondoka. Alikuwa na jambo la pili. Kijana wake, Abdi, alikuwa amemposa Fatu, mdogo wake Mwinjuma, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mzee Mdoe aliomba mambo haya mawili yasichanganywe. Akija kama balozi, posa haijui. Akija kama mzazi, ubalozi haujui. Hata hivyo dada yake alikuwa ameshaanza kuzunguka kijijini na huko Ngombezi kuuliza ukoo, kama ilivyo desturi kabla binti hajachukuliwa. Huulizwa kifafa, huulizwa wazimu, huulizwa ukoma, huulizwa pumu. Wizi huulizwa mwisho, na kwa huo watu husameheana.

Bi Tatu alijibu haraka. Alisema baka la mtoto halimhusu Fatu hata kidogo. Lilitoka Kwamsisi, kwa ukoo wa mama wa mtoto.

Hamisa alisikia. Ukoo wake haukuwa na mtu mwenye baka wala kidonda, lakini hakusema. Bi Tatu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Kudra, alimtafunia nyama, alimbeba mgongoni mpaka kifua kilipomkatalia. Lakini Fatu alikuwa amekwisha kuposwa mara mbili na mara mbili watu wakarudi nyuma bila kutoa sababu. Kwa Bi Tatu, ukoma wa upande wa mama ulikuwa nafuu kuliko pumu ya upande wa baba.

* * *

Walipanda lori la pamba mpaka Korogwe, Hamisa, Kudra na Bi Tatu, wakalala Manundu kwa ndugu. Asubuhi wakapanga foleni hospitali. Daktari aliitwa Habakuki, mtu mwembamba aliyekuwa anatafuna karanga kati ya mgonjwa na mgonjwa, na alipomaliza kutafuna alinawa mikono sana.

Aliuliza nani mwingine anajikuna nyumbani. Bi Tatu akasema hakuna. "Basi si upele," alisema daktari. "Upele haumchagui mmoja ukawaacha wengine wanaolala naye." Alikunja mkono wa Kudra, akaukunjua, akamtazama viwiko, magoti, shingo. Akauliza vidonda vilianza lini, vinakuja na kuondoka au vinakaa tu, mtoto analala au anajikuna. Hamisa alijibu kwa kichwa na kwa vidole. Akauliza anaogeshwa kwa kitu gani.

"Kwa mkonge," alisema Bi Tatu. "Safi kabisa, daraja la kwanza."

Daktari aliushusha mkono wa Kudra taratibu. Kisha akaeleza kwamba ngozi ya mtoto huyu ni kavu kwa maumbile, haishiki maji, na kitu chochote kinaiudhi. Kuwashwa ndiko kunakotangulia. Anajikuna, panachubuka, panazidi kuwasha, anajikuna tena. Wazee huita ukurutu. Wengine huita pumu ya ngozi, kwa sababu hutembea pamoja na pumu ya kifua, kama ndugu wa tumbo moja. Haiambukizi. Haiponi kwa siku moja pia. Huja, huondoka, na watoto wengi huiacha wakikua.

"Tatizo langu ni hili baka," alisema. "La ukoma halihisi likiguswa."

Akamfumba Kudra macho kwa kanga ya mama yake, akachukua kipande cha pamba. Alipomgusa mkononi Kudra alionyesha mahali penyewe. Mguuni vilevile. Alipomgusa shavuni Kudra alikuwa ameshachoka, akaonyesha sikio, kisha paji la uso, kisha akanyoosha kidole akamchoma daktari puani, akacheka. Daktari hakucheka, ila alirudia mara kadhaa, na kila mara Kudra alibuni mahali papya.

Daktari alisema anaamini si ukoma. Baka la namna hii huwapata watoto wenye ngozi kavu. Lakini aliwahi kumwambia mama mmoja kwamba si ukoma, naye alikuwa amekosea, na vidole vya mtoto yule anavikumbuka. "Kwa hiyo nitauliza," alisema. "Kwenu kuna mtu mwenye pumu? Bibi, babu, shangazi, yeyote. Nikimpata mmoja, mambo yote haya yanakaa mahali pamoja, nami nitawaambia nendeni nyumbani."

Hamisa alitazama sakafu.

"Kwetu hakuna pumu," alisema Bi Tatu.

Na kwa mama? Hamisa alitikisa kichwa, na kwa upande wake ilikuwa kweli.

Basi daktari akasema watajaribu mwezi mmoja. Mkonge uachwe. Sabuni iwe kidogo, kwapani na makalioni tu. Maji yawe ya uvuguvugu, mtoto asikae humo muda mrefu, na akitoka, kabla hajakauka, apakwe mafuta mwili mzima, asubuhi na jioni, hata siku ambayo ngozi inaonekana nzuri. Kwenye sehemu zilizochachamaa apakwe dawa ya kijibati, kidogo, mpaka zitulie, kisha dawa iachwe na mafuta yaendelee. Kucha zikatwe fupi. Baka likipungua, vema. Lisipopungua, itabidi aende kambini kuangaliwa na wanaoujua ugonjwa ule, na huko mtu hapelekwi kwa siku mbili.

Nje ya mlango Bi Tatu alisimama kuvuta pumzi. Alimwambia Hamisa kwamba ngazi za hospitali ni ndefu. Hospitali ilikuwa na vipandio vitatu.

* * *

Duka la kijiji halikuwa na mafuta ya mgando. Lilikuwa na chumvi, viberiti na picha ya ng'ombe. Sintamei, mama wa Kimaasai aliyepitisha maziwa kijijini kila asubuhi, alimtazama Kudra bila kusogea nyuma, akauliza anapakwa nini. Kesho yake akaleta mafuta ya kondoo kwenye kibuyu. Alisema kwao watoto hupakwa hayo wakizaliwa na hakuna aliyewahi kulalamika, ila kondoo.

Kudra akaanza kupakwa mafuta ya kondoo. Alinuka. Mbwa wa Mzee Mdoe, ambaye hakuwa amepata habari za kamati, alimfuata kila alikokwenda na kumlamba miguu. Mama Rehani alisema bombani kwamba sasa wanamtayarisha mtoto kwa kuchomwa.

Bi Tatu alilionea uchungu fungu lake la singa. Alisema amelea watoto sita kwa mkonge na hakuna aliyechunwa. Siku moja Hamisa alirudi kutoka kuni akamkuta anamsugua Kudra mgongoni, taratibu, akimwimbia. Hamisa aliingia, akamwinua mtoto kutoka kwenye beseni, akatoka naye akichuruzika maji. Bi Tatu alibaki na singa mkononi, na jioni hakula.

Lakini magoti yalitulia. Mipasuko ilifunga, ngozi ikawa laini, na Kudra akalala bila kujikuna. Baka tu ndilo lililobaki, limepauka vilevile, na kwa kuwa sehemu nyingine zilikuwa zimepona, lilionekana zaidi.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Hamisa alimfuata mumewe shambani. Hilo halikuwa kawaida, na Mwinjuma aliacha jembe akidhani kuna msiba. Hamisa alimwambia kwa sauti ndogo kwamba daktari anatafuta mtu mwenye pumu.

Mwinjuma alifuta jembe kwa jani. "Fatu ana miaka ishirini na miwili," alisema. "Mama hana kingine anachokisubiri duniani."

"Na Kudra?"

"Daktari atajua mwenyewe. Ndiyo maana amesomea."

Akaendelea kulima. Baada ya matuta machache akasema, bila kugeuka, kwamba kama angekuwa na la kufanya angelifanya. Hamisa alisubiri kidogo, labda lingekuja. Halikuja.

* * *

Hamisa alikuwa amepanga. Angebaki nyuma kidogo wengine wakitoka, amnong'oneze daktari peke yake, maneno mawili tu. Aliyarudia moyoni njia nzima, toka Kwambogo mpaka Korogwe, juu ya magunia.

Lakini safari hii Mzee Mdoe alikuja nao. Kamati ilitaka mtu wake asikie jibu kwa masikio yake. Daktari alipoita, yeye ndiye aliyeingia wa kwanza, akavua kofia, akajitambulisha kuwa ni balozi, akamwita daktari ndugu. Bi Tatu akakaa benchini na Kudra mapajani. Hamisa akasimama karibu na mlango.

Daktari alifurahi kuona magoti. Alimwambia Bi Tatu kwamba mtoto ametunzwa vizuri, na Bi Tatu akainamisha kichwa kama aliyestahili. Kisha akaligeuza shavu kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama muda mrefu. Akamfumba mtoto macho. Akagusa kwa pamba. Kudra akaonyesha kidevu. Akagusa tena. Kudra akaonyesha dari.

Daktari aliweka pamba chini. Alisema ngozi imemtii lakini baka halikumtii, na mtoto wa umri huu hawezi kuwa shahidi. Gari la kwenda kambini lilikuwa uani, lingeondoka baada ya adhuhuri. Huko wangekata kipande kidogo cha ngozi, wakitazame, wamkalishe mpaka wapate hakika. Mzee Mdoe aliuliza ni muda gani. Daktari alisema wengine hukaa mwaka. Mzee Mdoe akaitikia polepole na kusema kijiji kitaelewa.

Kudra alikuwa anachezea vidole vya bibi yake. Bi Tatu alikuwa amemshika kiunoni kwa mikono miwili, amemkaza sana, hata mtoto akalalamika.

"Nawauliza mara ya mwisho," alisema daktari. "Si aibu. Hakuna pumu kwenu? Si kwa bibi, si kwa mama wa bibi?"

Bi Tatu alifunga mdomo. Alivuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu anayevuka chumba na bakuli lililojaa pomoni. Nje watu walikuwa wanaitwa majina na milango inagonga, kwa hiyo daktari hakusikia mluzi wa kifua. Hamisa alisikia.

"Kwetu hakuna pumu, baba," alisema Bi Tatu alipoweza.

"Ni kweli," alisema Mzee Mdoe. "Hata sisi tumeulizia ukoo wao kwa sababu zetu. Hakuna."

Daktari akachukua kalamu. Alimwomba mama amvalishe mtoto.

Hamisa alitoka mlangoni akaja mpaka katikati ya chumba. Hakumvalisha mtoto. Alimchukua kutoka mapajani kwa Bi Tatu, na Bi Tatu hakuachia mara moja, wakavutana kidogo bila kutazamana, kisha akaachia. Hamisa alimweka Kudra begani. Sauti ilipotoka ilikuwa kavu na ya juu kuliko alivyotaka, na mtu aliyekuwa anapita nje alisimama.

"Mama mkwe wangu ana pumu, daktari. Si vumbi la mkonge. Mama yake alikuwa nayo mpaka ikamuua, naye mkonge aliuona kwa mbali tu. Halali chali, mimi ndiye ninayempangia mito. Mzee Mdoe, shikamoo, Fatu hana kitu, Fatu ni mzima, ukimwacha utakuwa umeacha mke. Lakini mwanangu haingii kwenye gari hilo. Kudra hakuchukua kwetu. Kamchukua bibi yake."